Miaka Ishirini na Miwili ya Kupima Shingo

Leo Jumanne, tarehe 30 Juni 1914, Bibi Zipora binti Ndahani anaacha kazi katika Nyumba ya Dawa ya Dodoma baada ya kuitumikia miaka ishirini na miwili, miezi minne na siku kadhaa ambazo yeye anazijua na sisi hatuzijui. Karatasi hii imeandikwa isomwe mbele ya wageni kabla ya chakula, na wenzake wameagiza iwe fupi. Wamemchagua karani Mrisho bin Sefu aiandike. Mwandiko wake ni mzuri, lakini hawakumchagua kwa sababu hiyo. Wamemchagua kwa kuwa katika nyumba nzima hakuna mtu aliyesahihishwa na Bibi Zipora mara nyingi kama yeye, na wakaona ni haki alipe sasa kwa wino.

Bibi Zipora ni mzaliwa wa upande wa Bahi. Alianza kazi Mpwapwa mwezi wa Februari 1892, mwaka mmoja baada ya sotoka kupita Ugogo na kuacha mazizi matupu. Baba yake alikuwa na ng'ombe sabini. Walibaki watatu, na mmoja wao kipofu. Binti akaenda kutafuta kazi kwa watu wa dawa, wakampa vitambaa vya vidonda afue. Alivifua miaka miwili. Kisha akaanza kuvifunga, maana aliona anayevifunga anavifunga vibaya, na hakuweza kustahimili kufua tena kitambaa ambacho hakikufanya kazi yake.

Baadaye akakabidhiwa mizani. Ilikuwa mizani kubwa iliyoletwa kupimia mizigo ya wapagazi, na ilikuwa na tabia ya kudanganya nusu kilo. Maofisa watatu waliipitia bila kugundua. Bibi Zipora aliigundua siku ya kwanza, kwa sababu alijipima yeye mwenyewe, akapima kondoo, kisha akajipima tena akiwa amembeba kondoo, na hesabu ikagoma. Tangu siku hiyo hajaacha mtu mwingine aiguse. Reli ilipofika Dodoma mwaka 1910 na nyumba yetu ikahamishiwa huku, alikataa kuipakia mizani pamoja na masanduku. Alipanda nayo behewa la mizigo, ameikumbatia, amefumba macho njia nzima, kwa kuwa garimoshi lenyewe hakuliamini hata kidogo.

Mwaka huo huo ndipo alipofika mwandishi wa karatasi hii, kijana wa Saadani, akiwa na kalamu mbili, kofia ya kazi, na imani thabiti kwamba huku bara hakuna mtu ajuaye Kiswahili. Wiki yake ya kwanza alimsahihisha mpishi, mlinzi, bwana wa posta na Bwana Daktari mwenyewe. Bibi Zipora alimsikiliza, akamwambia, "Mbukwa, Mrisho. Huku salamu hutangulia." Mwandishi akamweleza kwamba neno hilo si Kiswahili. Bibi akakubali kwamba kweli si Kiswahili, ni Kigogo, akaendelea kumngoja aitikie. Alimngoja mpaka akaitikia.

Kazi kubwa ya miaka ile ilikuwa shingo. Bwana Daktari alitaka kujua kwa nini watu wa milimani wana rovu, yaani uvimbe wa shingoni, na kwa nini wengine hawana. Akaamuru kila anayekuja, hata akiwa anaumwa jino au amechomwa mwiba, apimwe shingo kwa utepe na mwili kwa mizani, na karani aandike. Bibi Zipora alipewa mizani. Utepe, kwa bahati mbaya, alipewa karani.

Majuma matatu baadaye Bwana Daktari alisoma daftari, akasimama, akaketi, akasimama tena. Shingo za wanawake wa Ugogo, kwa mujibu wa daftari, zilikuwa na unene wa sentimita hamsini na zaidi, karibu zote. Alikuwa tayari ameanza barua ya kwenda Ulaya kuwaarifu wenzake kwamba ameipata nchi ya rovu kuliko zote duniani. Bibi Zipora ndiye aliyemwuliza karani, kwa upole uliokuwa mbaya kuliko matusi, kama aliwaomba akina mama wale wavue shanga. Karani hakuwaomba. Alikuwa ameona haya kumwambia mke wa mtu avue kitu, akawapima na shanga zao, mikufu yao na vibuyu vidogo vya mafuta vilivyoning'inia. Barua ya Ulaya ikachanwa.

Upande wa wanaume hali haikuwa njema zaidi, kwani karani aliwapeleka wengi kwenye mizani na mikuki yao mkononi. Aliogopa kuiomba. Bibi Zipora alikuwa akimwuliza mtu ukoo wake, kisha anamtajia shangazi yake, kisha anaushika mkuki na kuuegemeza mlangoni, na mwenye mkuki anauacha kana kwamba ameuacha kwao. Tangu hapo akapewa na utepe pia, na karani akabaki na kalamu peke yake, chombo ambacho wote waliamini hakiwezi kumdhuru mtu. Tutaona.

Sifa kubwa ya Bibi Zipora, na ndiyo sababu ya sherehe hii, ni kwamba hakuamini shingo peke yake. Bwana Daktari alipoona shingo kubwa alifurahi, alipoona ndogo aliita mwingine. Bibi alikuwa akishika mkono wa kila mtu kabla hajamwachia. Alipewa saa ya mfukoni ya kuhesabia mapigo ya moyo, na alihesabu kwa Kigogo, midomo ikicheza. Baada ya mwaka alimwendea Bwana Daktari akamwambia ameona watu wa namna nyingi. Wapo wenye shingo kubwa na hawana neno lolote, wanalima na kucheza ngoma. Wapo wenye shingo kubwa ambao wanakula kama mchwa na bado wanakonda, mikono inatetemeka na kuloa jasho, moyo unakimbia. Na wapo wenye shingo nyembamba kabisa ambao wananenepa bila kula, wanasikia baridi juani, wanazungumza polepole na sauti imekuwa nzito. Akamalizia, "Ukubwa wa chungu haukuambii ndani kuna nini, Bwana. Mpaka ufunue."

Bwana Daktari alikuwa mtu wa haki, ila wa haraka. Alikiri kwamba wenzake Ulaya wameanza kusema hivyo hivyo. Alieleza kwamba mbele ya koo kuna kinyama kinachomwaga maji yake damuni kidogo kidogo, na maji hayo ndiyo yanayoamua mwili uchome chakula upesi au taratibu, uweke mafuta au uyamalize. Akasema vipo vinyama vingine, kichwani na tumboni na mahali pa uzazi, na vyote vinapelekeana habari, kimoja kikinyamaza vingine huvurugika. Karani hakuwapo siku hiyo. Alikuwa amekwenda stesheni kumsahihisha mtu.

Lakini habari ilimfikia kwa mapande, na jambo la kwanza alilofanya ni kuitumia kwa faida yake. Wakati huo tumbo lake lilikuwa limeanza kutangulia kanzu. Akatangaza kwamba si ulafi, ni maji ya koo. Bibi Zipora alimpandisha kwenye mizani mbele ya watu, akampima shingo, akamshika mikono, akahesabu moyo, akatoa hukumu kwamba koo lake ni zima na kilichomnenepesha ni ubwabwa. Akaongeza kwamba anaujua ubwabwa huo, kwa kuwa mchele unatoka Bahi kwa ndugu zake.

Sasa inabidi aingie mtu wa nne, naye ameketi mstari wa mbele, amevaa kanga ya njano: Mwajabu, mke wa karani. Ametoa ruhusa yote haya yasomwe. Kwa hakika ameamuru.

Mwandishi alimwoa Mwajabu Mpwapwa mwishoni mwa mwaka 1910, msichana mwepesi, mwenye kucheka, ambaye alikuwa akimaliza kazi zake zote na kuanza za jirani. Walipohamia Kikuyu, hapa Dodoma, akaanza kunenepa. Mwandishi alifurahi mno. Alitembea naye Ijumaa ili watu waone kazi ya ukarani inavyolisha. Mwaka ukapita, Mwajabu akawa mzito wa mwendo, kisha mzito wa maneno. Uso ulivimba, nywele zikakatika mbele, sauti ikawa ya kiume. Siku zake za mwezi zikapotea njia. Akawa analala mchana, anaamshwa, analala tena. Chakula kikawa kinaungua. Mwandishi akaacha kutembea naye, akaanza kumsema. Na alipochoka kumsema akaanza kumsimulia kwa watu, kwamba ameoa gogo.

Mwezi wa Oktoba 1912 alimwandikia Seleman, kaka yake Mwajabu kule Mpwapwa, barua ya adabu nyingi. Alimwomba aje amchukue dada yake, maana ni mvivu na mwandishi ameshindwa naye. Bibi Zipora alikuwa akienda Mpwapwa siku ya pili yake kuchukua dawa, akaombwa aifikishe. Akauliza ndani mna nini. Mwandishi akamwambia, akitegemea huruma. Bibi akamrudishia barua mkononi.

"Simrudishi mtu kwao kabla sijampima," alisema. "Mlete Jumamosi."

Jumamosi ile jua lilikuwa linapasua mawe. Mwajabu alikuja amejitanda kanga mbili na juu yake koti la mumewe. Mwandishi aliona aibu ya koti. Bibi Zipora aliliona pia, akamshika mkono, akakaa nao muda mrefu, akamwuliza, "Unasikia baridi, mwanangu?" Mwajabu akaanza kulia, kilio kile cha polepole, machozi yenyewe yakichelewa. Alikuja kusema baadaye kwamba kwa mwaka mzima na nusu alikuwa ameulizwa kila siku kwa nini amelala, na hakuna aliyemwuliza swali lile. Mwandishi ameliandika hapa kama alivyolisema. Hana la kujitetea.

Shingo yake ilikuwa sentimita thelathini na moja. Uzito kilo themanini na moja. Moyo, mapigo hamsini na mawili. Bibi akafungua daftari kutazama kama aliwahi kupimwa, akakuta ndiyo, mwezi wa Machi, siku ambayo Bibi mwenyewe alikuwa na homa na karani alimshikia kazi. Mbele ya jina la Mwajabu palikuwa na maneno manne, kwa ule mwandiko mzuri: *Shingo ndogo. Mnene. Mzima.* Bibi aligeuza daftari, akalisukuma upande wa karani ili asome kazi yake.

Bwana Daktari alimtazama Mwajabu siku hiyo hiyo, na mara hii hakuita mwingine. Alisema kinyama chake cha koo kimesinyaa na hakitoi kitu, na dawa ipo: apewe cha kondoo. Ila alikuwa mguu mmoja ndani ya safari ya Kilimatinde, wapagazi wamekwisha kuinua mizigo, kwa hiyo agizo alimpa mume kwa sentensi moja, kwa Kiswahili chake cha kitabuni: "Mpe tezi ya kondoo, nusu, mara mbili kila juma."

Jamani, kila aliyezaliwa pwani ajue uchungu wa neno hili. Kwetu Saadani, katika nyumba ya baba yangu ambaye alikuwa fundi wa majahazi, tezi ni sehemu ya nyuma ya chombo. Omo ni mbele, tezi ni nyuma. Uvimbe wa shingoni tuliuita rovu, na ni mimi niliyemlazimisha Bwana Daktari aandike rovu. Mtu mwingine angeuliza. Lakini mtu wa Saadani aulize Kiswahili, tena kwa Mdachi? Bibi Zipora alijitolea kufuatana nami kwa mchinjaji. Nilimjibu kwamba nyama ya nyumbani ni jambo la mume.

Mchinjaji ni Halfani, huyo aketiye karibu na mlango na ambaye ameanza kucheka kabla sijafika. Nilimwambia anipe tezi ya kondoo. Akauliza tezi ndiyo nini. Nikamhurumia kwa kukulia bara, nikamfundisha kwamba ni nyuma, kule kunakoishia. Halfani akatazama kule kunakoishia kondoo wa Ugogo, na kila mtu hapa anajua ni nini kilichopo: mkia, mpana kama sinia, mafuta matupu. Akakata nusu. Nilishangaa kidogo kwamba mtu mnene anatibiwa kwa mafuta, lakini nikakumbuka kwamba Wazungu wana elimu yao.

Majuma sita nilimlisha mke wangu mkia wa kondoo. Nilimkaangia kwa mkono wangu, na nilijiona mume mwema. Bibi Zipora akiuliza kama ninampa, nilijibu ninampa. Akiuliza kama anakula yote, nilijibu hata sufuria ninampa alambe. Kila Jumamosi alimpima. Themanini na tatu. Themanini na tano. Moyo arobaini na minane, kisha arobaini na minne. Bibi akawa hali chakula chake cha mchana. Alidhani dawa imeshindwa.

Jumamosi ya sita sikumleta, maana hakuweza kuinuka. Bibi Zipora alifunga mizani, jambo ambalo hajawahi kulifanya saa za kazi, akaja nami hadi Kikuyu. Alipoingia uani alisimama mbele ya kikaango, akanusa, akatazama, akauliza hiki ni nini. Nikasema ni ile tezi. Nikaeleza. Alikaa chini pale pale mavumbini akacheka mpaka kilemba kikamtoka. Mimi nikaanza kucheka pia, bila kujua ninacheka nini. Kisha akaingia ndani kwa Mwajabu, na kicheko kikakatika.

Hapa naomba ruhusa niache kabisa kujiita mwandishi. Mwajabu alikuwa amelala chali, macho nusu wazi, anapumua kama mtu anayesahau kisha anakumbuka. Tulimwita, hakujibu. Bibi alimfinya, hakujibu. Mwili wake ulikuwa wa baridi mchana wa Novemba, baridi ya jiwe la mtungi. Nilimwuliza Bibi kama anakufa, akanijibu ndiyo, na akaniambia nimfunike kwa kila kitu kilichomo ndani nisitoke. Bwana Daktari alikuwa mwendo wa siku nne.

Bibi Zipora, ambaye magoti yake mnayajua, alikimbia. Halfani hakuwa amechinja siku hiyo. Bibi alikwenda Kizota kwa mdogo wake Elieza, akatoka na kondoo wake mwenyewe begani, jike aliyekuwa amebaki wa mbegu, akamleta kwa Halfani amchinje kwa bismillahi, kwa kuwa alijua Mwajabu ni Mwislamu na hakutaka aamke na jambo la kumsononesha. Kisha akashika kisu. Alichana koo chini ya kongomeo, akatoa vinyama viwili vyekundu, kila kimoja kadiri ya haragwe kubwa. Ndiyo hivyo tu. Vitu vidogo hivyo, na mimi nilikuwa nimebeba mikia kwenye kapu.

Hakumpa kingi. Alikuwa amemsikia Bwana Daktari akisema moyo uliolala ukiamshwa kwa pigo hupasuka. Alikata kipande kama ukucha, akakiponda katika uji mwembamba, akamtonesha Mwajabu ulimini kwa kidole, tone baada ya tone, akingoja ameze. Alifanya hivyo siku ile, na siku ya pili, na ya tatu. Mimi nilichemsha maji na kufunga matofali ya moto kwa vitambaa. Sikumsahihisha mtu yeyote siku tatu.

Siku ya nne asubuhi Mwajabu alifungua macho, akatazama dari, akatazama ukuta, akasema kwa ile sauti yake nzito, "Mbona nyumba nzima inanuka mkia wa kondoo?" Bibi Zipora akamwambia amwulize mumewe. Sijawahi kusikia maneno matamu kuliko hayo. Ile barua ya kwenda kwa Seleman niliichana siku hiyo vipande vidogo, nikaitia jikoni.

Mngedhani nimejifunza. Baada ya mwezi Mwajabu alikuwa anatembea, uso umeanza kurudi, na mimi nikaona kama nusu inafanya hivi, nzima itafanya zaidi. Kutoa kinyama ilikuwa kazi ya Bibi, kukikata ilikuwa yangu, nikaongeza kwa siri. Ndani ya majuma matatu mke wangu alikuwa anafagia uwanja kabla ya jogoo, anaufagia tena, anavuka kwenda kumfagilia jirani, anakula mara tano na kanga inamdondoka kiunoni. Mikono yake ilikuwa inatetemeka hata chai inamwagika. Moyo, mapigo mia na ishirini. Bibi Zipora alihesabu mara mbili, akanitazama, akaomba funguo za kabati langu. Kisu akakichukua. Tangu siku hiyo, kila Jumamosi kwa mwaka mmoja na nusu, tezi ya Mwajabu imetolewa na Bibi Zipora, imekatwa na Bibi Zipora na imepimwa na Bibi Zipora, na Mwajabu amekuwa kilo sitini na mbili, mapigo sabini, na amerudia kumaliza kazi zake na kuanza za jirani.

Bwana Daktari aliporudi kutoka Kilimatinde alisikiliza habari yote amesimama. Kisha akachukua daftari, akachora kwa rula safu mbili mpya kando ya shingo na uzito: moja ya mapigo, moja ya mikono, kama ni ya baridi, ya moto au ya jasho. Wanawake kumi na mmoja wameonekana kwa safu hizo ambao shingo zao zisingemwambia mtu kitu. Rovu aliendelea kuiandika rovu, lakini neno tezi hajalitamka tena mbele yangu bila kujigusa koo kwa kidole.

Sasa Bibi anatuacha. Magoti yamekataa na jicho la kushoto halisomi saa. Na kwa kuwa hiki kinyama hakipati kupona, Mwajabu atahitaji cha kondoo kila juma la maisha yake. Yeye anajua, na mimi najua, na kwa miezi miwili iliyopita nimekuwa nikiamka na swali moja tu, nani atakitoa. Bwana Daktari anatuambia tusihangaike. Siku hizi kuna vidonge katika chupa, vinatengenezwa Ulaya, vitakuja kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa garimoshi hadi hapa, kila miezi mitatu bila kukosa. Bibi Zipora alimshukuru sana. Tulipotoka nje akaniambia, "Meli ina mwenyewe, Mrisho. Kondoo wapo hapa." Akanirudishia kisu.

Jumamosi tatu amenifundisha kwa Halfani. Ya kwanza nilitoa kipande cha mafuta, Halfani akaniuliza kama ni cha omo au cha tezi. Ya pili nilitoa kitu ambacho hata Bibi hakukijua jina. Ya tatu, yaani Jumamosi iliyopita, niliweka kidole chini ya kongomeo, nikashuka taratibu kama nilivyoambiwa, nikakisikia kabla sijakiona, nikakitoa kizima. Nikakata nusu, nikaipeleka kwenye mizani ndogo ya dawa, nikaondoa shanga zote na mikuki yote, kwa maneno ya Bibi. Alitazama, akahesabu midomo ikicheza. Kisha akaitia katika uji wa Mwajabu. Hiyo ndiyo sifa pekee aliyowahi kunipa, na nilikwenda nyuma ya banda la Halfani nikalia.

Bibi Zipora, wenzako wa Nyumba ya Dawa wanakushukuru kwa mizani, kwa vitambaa, kwa kila mkono uliouona una baridi. Wamekununulia kondoo jike, mchanga, wa mbegu, badala ya yule. Elieza ataondoka naye kesho. Mpunga wako wa Bahi ustawi, magoti yako yapone kwa tope la nyumbani, na watoto wa ndugu zako wajue salamu hutangulia. Uishi miaka mingi na mizuri, mama yetu.

Na mimi nina langu moja la kukuambia mbele ya watu. Jumamosi hii usije mjini kuhakikisha. Nitakwenda kwa Halfani mwenyewe, na mikono ya mke wangu itakuwa ya moto.